Sista na Sufuria ya Maharage

Gaudensia alinipigia simu akicheka, na kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa ya msiba, mwanzoni nilidhani mtandao unanichezea. Baba yake mkubwa, Mzee Kalisti, alikuwa amezikwa kijijini kwao Msanzi wakati wa masika, nami sikufika kwa sababu ya goti langu, ambalo siku hizi ndilo linaloniamulia safari. Sasa ukoo ulikuwa umekutana kwa misa ya kumwombea na kugawana alivyoviacha. "Mashamba yamegawanywa, ng'ombe wamegawanywa, wala hakuna aliyenuna," alisema. "Limebaki lile gari. Wote wamesema ni langu." Nikamwambia basi achukue. "Silichukui mpaka uje uliwashe wewe, Leo," akasema, akilifupisha jina langu la Leokadia kama zamani. "Wewe unajua kwa nini." Nilijua sana. Nilikata tiketi ya basi kutoka Mbeya siku iliyofuata, nikakaa dirishani, na lile basi lilipopanda na kuanza kuingiza baridi kwenye viatu vyangu nikajua tumefika Ufipa, nikaanza kutabasamu peke yangu mpaka abiria wa jirani akasogeza mkoba wake.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme wa magari, nikapata kazi Sumbawanga kwenye gereji ya Fundi Oresti. Nilipanga chumba Chanji pamoja na Gaudensia, ambaye alikuwa mshonaji sokoni. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na dirisha letu lilikuwa na mbao mahali pa kioo, kwa hiyo asubuhi tulichagua kati ya mwanga na joto, na mara nyingi tulichagua joto. Mwezi wa sita upepo wa kule unapita hata kwenye tundu la kitasa. Tulilala na masweta na soksi, na jioni tulikaa kuzunguka jiko la mkaa tukila ugali wa ulezi na migebuka mikavu ambayo mchumba wake, Filbert, alimtumia kutoka Kabwe, kule chini ziwani, kwa madereva wa malori. Filbert hakuwa mtu wa kuandika. Alituma samaki, na Gaudensia alipofungua gazeti lililowafunga alijua kwa ukubwa wao kama mwenzake yuko vizuri wiki ile. Mimi nilikula mapenzi ya watu mwaka mzima bila aibu yoyote, na nilinenepa.

Gereji ilikuwa uwanja wenye vumbi, kibanda cha mabati na mikaratusi mitatu iliyokuwa ikilia kwa upepo. Fundi Oresti alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na alipokasirika alihamia kwenye Kifipa ili wateja wasimwelewe, ingawa wateja wote walikuwa Wafipa. Alikuwa hodari wa injini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini umeme aliuogopa na hakuficha. "Mimi ni mtu wa chuma," alikuwa akisema. "Chuma unakiona." Mteja akishangaa kuona msichana anaingia chini ya dashibodi, akauliza kama huyu binti ndiye fundi, Oresti alijibu, "Ndiye. Mimi namshikia tochi tu." Na kweli aliishika. Nimefanya kazi na mabosi wengi tangu hapo, wenye ofisi na wenye suti, na bado nawapima wote kwa ile tochi.

Sasa Sista. Hilo lilikuwa gari la Mzee Kalisti, saluni ya rangi ya kijivu aliyoinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi na masista wa shirika fulani, na jina likabaki. Mzee alikuwa akiuza nyavu na kamba kwa wavuvi, kwa hiyo kila mara aliteremka nalo ziwani, na kila mara likimfikisha vizuri lilikataa kurudi. Akiwa Kabwe, jua limesimama, akiwasha stata inazunguka kwa nguvu zake zote lakini moto haushiki. Vijana wa Kabwe walishalizoea. Wakiliona linashuka walianza kukunja suruali, na walikuwa na wimbo wao wa kulisukuma ambao siwezi kuuandika hapa kwa sababu wajukuu wangu wanasoma. Baada ya kulisukuma kwa muda, milango ikiwa wazi na upepo wa ziwa ukipita ndani, linawaka, kila mtu anapiga makofi, na mzee anapanda Ufipa bila shida.

Kila fundi wa mjini alikuwa amelitibu na kila mmoja aliamini amelimaliza. Mmoja alibadilisha plagi, asubuhi likawaka, akalipwa shukrani. Mwingine alisafisha tangi la mafuta, asubuhi likawaka. Fundi Oresti mwenyewe alifungua pampu nzima akaipuliza kwa mdomo, na asubuhi, katika ukungu wa Sumbawanga ambao unaweza kutundika koti juu yake, likawaka. Hakuna aliyekuwa mwongo. Walilijaribu hapa juu, gari likajibu, wakaamini majibu yake. Mzee Kalisti naye alikuwa na dawa yake: kabla ya kuwasha alipiga dashibodi kofi moja upande wa kushoto, paa, na wakati mwingine ilisaidia. Watu wakasema Sista ana kiburi, anataka kubembelezwa. Wengine wakasema mengine, maana Sumbawanga jina lake mnalijua, na mzee alikuwa akiwajibu kwamba mchawi mwenye akili angeloga gari zuri zaidi.

Mambo yalibadilika harusi ilipotangazwa. Ndoa ingefungwa Kabwe, kwenye parokia ya kwao Filbert, na Mzee Kalisti, aliyemlea Gaudensia tangu akiwa mdogo, alitangaza kwamba binti yake atashuka na Sista. Hakutaka kusikia habari ya gari lingine. "Nimemlea mimi, nitamfikisha mimi," alisema, na akaanza kuliosha kila Jumamosi. Jioni ile Gaudensia alirudi chumbani akakaa kitandani bila kuvua kanga ya kichwani. Shela yake ilikuwa imetundikwa ukutani, nusu imeshonwa, na chini yake alikuwa amechora mstari wa chaki sakafuni ambao mimi na mikono yangu ya grisi hatukuruhusiwa kuuvuka.

"Unajua shangazi zake Filbert wananiitaje?" aliniuliza. "Bibi Harusi wa Kusukumwa. Tayari, hata sijafika."

"Si wanakutania tu?"

"Wananitania leo. Nikisukumwa siku ile, na shela yangu, mbele ya Kabwe nzima, hilo ndilo litakuwa jina langu mpaka nife, Leo. Wataniita hivyo sokoni. Wanangu wataitwa watoto wa Kusukumwa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na baba mkubwa siwezi kumwambia hapana. Huyu mzee alikuwa ananibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha."

Nilimwambia nitalitengeneza. Nililisema kwa ujasiri wa mtu mwenye cheti. Wiki nzima nililichukua lile gari gerejini, nikafuata waya mmoja mmoja kutoka betri mpaka nyuma, nikabana, nikakwangua, nikapima. Kila nilipogeuza ufunguo nilisikia mlio mdogo mbele, ka, halafu kule nyuma pampu ya mafuta ikanguruma, nguuu, kisha gari linawaka kwa adabu zote za kitawa. Nilimwomba mzee tuteremke nalo Kabwe tukalione likiwa katika ugonjwa wake. Akakataa katakata. Vijana wakimsukuma tena wiki chache kabla ya harusi, alisema, ataonekana ndiye anayefanya mazoezi. Usiku nilikuwa nikiuota ule mlio, na Gaudensia akawa ananiangalia wakati wa kula bila kuuliza kitu, na hilo lilinichoma kuliko kama angeuliza.

Jibu nililipata nikila. Zilikuwa zimebaki siku chache, na nyumbani kwa Mzee Kalisti wanawake walikuwa wamejaa uani wakichambua mchele na kukata vitunguu kwa ajili ya sherehe ya kumuaga bibi harusi. Nilikuwa nimepewa sahani yangu kwenye korido, mahali penye joto karibu na mlango wa jiko, na ndani nikawasikia mzee na mkewe, Mama Skolastika, wakipanga nani atabeba nini.

"Sufuria hii ya maharage isipande gari," Mama Skolastika alisema. "Unakumbuka siku ya kipaimara?"

"Nakumbuka vizuri."

"Tulikaa pale kanisani mpaka maharage yakapoa, watoto wanalia njaa."

"Na yalipopoa ndipo likawaka," mzee akasema. "Nilikwambia tangu siku ile. Lile gari halipendi maharage."

Wanawake wote wakacheka. Mimi tonge lilibaki mkononi. Niliingia jikoni nikasalimia upya kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

"Shikamoo mama. Samahani, siku hiyo ya kipaimara mlikuwa Kabwe?"

"Marahaba. Kabwe wapi, mwanangu, hapahapa mjini. Baridi ya kutoa machozi."

"Na sufuria mliiweka wapi?"

"Mbele, miguuni kwangu. Nyuma walikaa watoto."

"Imetoka jikoni?"

"Inachemka kabisa. Nilikuwa naiwekea miguu pembeni isije ikaniunguza."

Nilimkumbatia Mama Skolastika pamoja na mwiko wake. Mbele, chini, kushoto. Upande uleule ambao mzee alikuwa akiupiga kofi. Mle ndani nyuma ya dashibodi kulikuwa na kijisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, rilei, ambayo kazi yake ni kupokea umeme mdogo kutoka kwenye ufunguo na kufungua njia ya umeme mkubwa uende kwenye pampu ya mafuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia ka. Nilikuwa nimeipima mara nyingi na kila mara ilikuwa nzima, kwa sababu kila mara ilikuwa imepata baridi. Sisi sote wa huku juu tulikuwa tumekosea kwa namna moja: tulimpima mgonjwa wa joto ndani ya jokofu, halafu tukamruhusu aende nyumbani.

Asubuhi yake niliomba ile sufuria kubwa, maharage yakiwa yanatokota. Fundi Oresti alishika mkono mmoja, mimi mwingine, tukaipitisha uani wanawake wakitupisha huku wakiuliza tunampelekea nani. Tukaiweka chini mbele ya kiti cha kushoto, tukafunga milango, tukapandisha vioo, tukaenda kunywa chai. Vioo vikaanza kufunga ukungu kwa ndani na gari likanukia vitunguu. Tulipomaliza chai nilikaa kwenye usukani nikageuza ufunguo. Kimya. Hakuna mlio mbele, hakuna ngurumo nyuma. Nikapiga stata, ikazunguka weee, moto hakuna. Sijawahi kufurahi gari likigoma kama siku ile. Nikaingiza mkono nikagonga kile kijisanduku kwa mpini wa bisibisi, paa, na pampu ikanguruma. Mzee Kalisti, aliyekuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, akasema, "Si niliwaambia? Maharage."

Umeme wa mji ulikuwa umekatika, kama kawaida yake miaka ile, kwa hiyo niliipasha pasi ya shaba, ile ya kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya, kwenye jiko la mkaa la Mama Skolastika, katikati ya masufuria. Niliifungua rilei juu ya meza ya kukatia vitunguu. Fundi Oresti alivua miwani yake ya kusomea akanishikia juu ya kazi ili nione vikubwa zaidi, na mkono wake wa pili ukashika tochi. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha akainamisha tochi kidogo, na mguu mmoja wa rilei ukaonyesha mstari mwembamba kuzunguka risasi iliyoushikilia, wembamba wa unywele. Kukiwa baridi ule ufa ulijifunga. Kukiwa joto ulifunguka. Miaka yote ile ya kusukuma, wimbo, plagi, na pampu ya kupulizwa kwa mdomo, ilitoka pale. "Nimekiona," Oresti alisema taratibu. "Leo umeme nimeuona." Nikayeyusha risasi ya zamani, nikatia mpya kwenye miguu yote, nikapuliza, nikairudisha mahali pake.

Ilibidi turudie jaribio, na maharage yalirudishwa jikoni yapate moto tena. Mama Skolastika alilalamika kwamba maharage ya harusi yake yanaiva mara ngapi, lakini alikuja mwenyewe kusimama nasi tukisubiri chai ya pili. Niligeuza ufunguo. Ka. Nguuu. Likawaka. Gaudensia alikuwa amekuja kutoka sokoni na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Alipita akaingia ndani ya gari akakaa karibu na ile sufuria, akafunga mlango, akakaa pale mpaka uso ukamtoka jasho. Kisha akatoka akaniuliza, "Hivi ndivyo lilivyo joto la Kabwe?" Nikamwambia la Kabwe ni zaidi kidogo. Akatikisa kichwa akarudi kushona.

Siku ya harusi tuliondoka alfajiri, Gaudensia na msimamizi wake nyuma, mimi mbele kwa sababu mzee alisema daktari akae karibu na mgonjwa. Tulipita Namanyere tukiwa na masweta, na tulipoanza kuteremka tukavua moja moja, kwanza masweta, kisha vioo vikashushwa, kisha mzee akalegeza tai. Ziwa lilipoonekana hakuna aliyelisifia. Njiani tulikuta ng'ombe wengi wa Wasukuma wamejaa barabara, mchungaji akatuinulia fimbo kwa heshima kutuomba subira, na mzee akasubiri injini ikiwa inanguruma, mguu juu ya mafuta, kama mtu aliyeshika mlango usifungwe. Tangu Sumbawanga hakuwa amezima. Tulipofika kanisani, umati ukiwa umejaa, vigelegele vimeanza, aliliegesha juani akavuta breki ya mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, "Naliacha linawaka. Misa si ndefu."

"Mzee, limepona," nikamwambia.

"Nakuamini, mwanangu. Lakini naliacha linawaka."

Nyuma ya umati niliwaona wale vijana, wamevaa mashati ya harusi, mikono imeshakunjwa. Shangazi mmoja wa Filbert alikuwa akiwaonyesha mahali pa kusimama. Ndipo Gaudensia akainama mbele na shela yake yote ikaja juu ya bega la mzee.

"Zima, baba mkubwa," alisema.

"Mama..."

"Leo mwenyewe amesema limepona. Zima."

Mzee akazima. Gaudensia akanyoosha mkono wenye glavu, akachomoa ufunguo mwenyewe na kuniwekea kiganjani, akashuka akaenda kuolewa. Misa nzima niliushika ule ufunguo. Mahubiri sikuyasikia, viapo nilivisikia nusu, na kiganja kilibaki na alama ya meno ya ufunguo mpaka jioni. Nilikuwa nikiwaza kwamba rafiki yangu ameweka jina lake la maisha yote juu ya tone la risasi nililolitia juu ya meza ya vitunguu.

Tulipotoka jua lilikuwa katikati ya kichwa. Gari lilikuwa limefungwa vioo, na nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Maharusi wakaingia nyuma. Vijana wakasogea, wakaanza kuuimba wimbo wao kwa midomo iliyofungwa, mmm, mmm, na watu wakacheka. Nilimpa mzee ufunguo. Alikaa, akanyoosha koti lake, akainua mkono akapiga dashibodi kofi, paa, halafu akageuza. Ka. Nguuu. Sista akawaka mara moja, na mzee kwa furaha akakanyaga mafuta mpaka vumbi likawafunika wale vijana na mashati yao meupe. Vigelegele vilivyopigwa pale vilimzidi hata padri. Gaudensia alilia akicheka, na Filbert, ambaye hakuelewa lolote, akampa leso. Jina lile halikuitwa tena Kabwe. Badala yake walimwita Mama Vumbi, na hilo analipenda mpaka leo.

Nilimuuliza mzee baadaye kwa nini alilipiga kofi wakati nilishamwambia limepona. "Hilo halikuwa la kuliponya," akasema. "Lilikuwa la kulisalimia." Na hadithi yenyewe aliisimulia miaka yote kwa namna yake: kwamba Leokadia ndiye binti aliyethibitisha kuwa Sista hapendi maharage. Mpaka anakufa hakuna punje ya maharage iliyopanda tena gari lile. Sikumsahihisha hata mara moja.

Msanzi nililikuta chini ya kibanda cha mabati, limefunikwa turubai, kuku mmoja akishangaa kwa nini tunamsumbua. Tulifunga betri niliyoazimwa na mtoto mmoja wa marehemu na kutia mafuta mapya. Goti langu lilinikatalia kuinama, kwa hiyo Gaudensia ndiye aliyenishikia tochi nilipokuwa nachungulia nyuma ya dashibodi nikiwa nimekaa upande. Rilei ilikuwa ileile. Risasi yangu ilikuwa bado inang'aa kidogo, nikajivuna, sioni sababu ya kuficha. Filbert, mwenye mvi sasa, alikuwa amesimama nyuma ya gari na wanawe, wamekunja mikono ya mashati, wakiuimba ule wimbo kwa midomo iliyofungwa.

"Filbert, toka nyuma ya gari langu," Gaudensia alimwambia.

Kisha Gaudensia akaingia akakaa kushoto, akafunga mlango. Nilishika ufunguo lakini nikasubiri, maana nilimwona ameinua mkono. Alipiga dashibodi kofi moja, paa, pale pale palipokuwa pamefifia rangi kwa kiganja cha mzee. Nikageuza. Ka. Nguuu. Likakohoa, likatoa moshi, likawaka. Nje walishangilia. Ndani sote wawili tulikuwa tunamlilia Mzee Kalisti, mimi kwa mara ya kwanza tangu afe, na haikuwa vibaya kumlilia pale. Baada ya muda nilinyoosha mkono kwenye ufunguo, kwa mazoea ya fundi, nisipoteze mafuta ya watu.

"Usizime, Leo," Gaudensia alisema. "Liache kidogo."